Kiti cha Ruqiya na Ngamia wa Haji Jelle

Siku hizo, mtu akimuuliza Issack atachukua kazi ipi kati ya zile mbili alizoitiwa, alishika magoti yake kwanza kabla ya kufungua mdomo. Na ukiyatazama hayo magoti hushangai. Yalitembea nyuma ya ngamia wa Haji Jelle tangu Issack hajaota ndevu vizuri mpaka ndevu hizo zikaanza kupakwa hina. Mvua ikinyesha upande huu wa Hadado, kule Wajir, wanahamia huku. Ikikatika, wanarudi kule. Alikuwa mtu wa kutembea kama wengine walivyo watu wa kusoma au wa kupika, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Lakini sasa alikuwa amechoka, na hakuona aibu kusema hivyo.

Aliishi Bulla Iftin, hapa mjini Garissa, katika nyumba ya mabati ambayo mkewe Fartun aliijenga kwa kuuza anjera, zile chapati laini za Kisomali. Nasema Fartun kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, wala sitampa mwanamume sifa isiyo yake. Issack alikuwa porini. Fartun ndiye aliyeamka alfajiri akapika anjera juu ya makaa, akawauzia madereva na makarani, akalea mabinti wawili mpaka akawaoza. Mumewe alikuja msimu ukiruhusu, akakaa siku chache, akaondoka kabla watoto hawajaizoea harufu yake.

Kisha ukaja ule ukame ambao hakuna mtu wa huku anayehitaji kusimuliwa. Ng'ombe walikwenda mwanzo, halafu kondoo, halafu mbuzi. Ngamia hufa mwisho, na hata wao wakaanza kulala chini wasiamke. Issack alikuwa amekuja Garissa kumzika shemeji yake, na wakati anajiandaa kurudi Hadado simu yake ikalia. Aliyepiga hakuwa Haji Jelle. Alikuwa Mustafe, mtoto wa Haji, anayefanya kazi ya ofisi Nairobi.

"Adeer," Mustafe alisema, akimwita ami kwa heshima, "mzee anasema usijisumbue kurudi. Waliobaki ni wachache, tutajichungia wenyewe."

Miaka yote ile ikamalizwa na kijana aliyekuwa anatafuna kitu huku anazungumza. Issack alisema, "Haya," akakata simu. Fimbo yake ilibaki Hadado, na kikombe chake cha bati, na blanketi. Hakuna aliyemletea. Tangu hapo alifanya kazi za kubahatisha: kushikia watu mbuzi siku ya mnada, kupakua magunia, kuendesha mkokoteni wa maji uliovutwa na punda wa mtu mwingine. Mtu aliyezoea ngamia akiwekwa nyuma ya punda hujiona ameshushwa cheo, na Issack alijiona hivyo kila asubuhi.

Sasa kazi mbili zikamjia ndani ya wiki moja, baada ya muda mrefu wa kutojiwa na chochote.

Ya kwanza ilitoka kwa Ruqiya. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu, saruji, mabati, misumari, mabomba, na ana sauti ambayo nadhani inasikika ng'ambo ya Tana. Alikuwa mteja wa anjera wa Fartun tangu zamani. Alitaka mlinzi wa mchana, mtu mzima anayeswali, asiyetafuna miraa na asiyesinzia. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti mlangoni. Kulikuwa na sare, viatu, chai ya saa nne, na mshahara kila mwisho wa mwezi.

"Kukaa tu?" Issack aliuliza.

"Kukaa tu, adeer. Mwizi akikuona anapita na njia yake. Nipe jibu Ijumaa baada ya swala, maana wapo wengine wanaoitaka."

Ya pili ilikuja kwa simu, na safari hii ilikuwa sauti ya Haji Jelle mwenyewe, ile sauti nzito ya mtu asiyezoea kubishiwa. Mvua imerudi, alisema. Ngamia wamezaa, wengine amenunua, na kundi limejaa tena. Kuna mchungaji anaitwa Abdiwahid lakini bado mbichi. "Rudi, Issack. Wanyama wako wanakungoja." Hakutaja ile simu ya Mustafe wala hakuomba radhi. Alizungumza kana kwamba Issack alitoka nje kujinyoosha mgongo na sasa chai imeiva.

Issack alikasirika. Vilevile alifurahi, akajichukia kwa kufurahi. Maneno "wanyama wako" yalimwingia kifuani yakakaa humo, ingawa alijua vizuri kwamba hakuna hata mkia mmoja kule uliokuwa wake.

Jioni alimweleza Fartun. Fartun alikuwa anaosha sufuria ya unga, na hakuinua kichwa.

"Mimi niliolewa na mgeni," alisema. "Mgeni unampikia, unamtandikia, halafu unamsindikiza. Nimekusindikiza mpaka nimechoka, Issack. Ukitaka kwenda, nenda. Lakini safari hii hakuna atakayekusindikiza."

"Hujaniuliza mimi nataka nini."

"Na wewe hujawahi kuniuliza mimi." Alimwaga maji ya sufuria nje, akaingia ndani kulala na mapema, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Jumatano Issack akaenda kukijaribu kiti. Ruqiya mwenyewe ndiye aliyependekeza, ajaribu siku moja aone. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kijani chenye mikono miwili, kimewekwa kivulini, na mtu mwingine angekishukuru. Issack alikaa. Akaangalia magari, bodaboda, na mbuzi wanaokula makaratasi. Haukupita muda akawa amesimama anazunguka jengo, akarudi, akakaa, akasimama tena akazunguka upande wa pili. Mwenye kuweka hesabu za duka alikuwa Roda, mama kutoka Mwingi, na kwa kuwa hakujua Kisomali waliongea Kiswahili, kila mtu na chake.

"Mzee, mbona huketi?"

"Mimi naangalia hii ukuta kama iko."

"Ukuta utaenda wapi?"

"Mama Roda, hii kiti mimi naogoba," Issack alisema kwa unyoofu kabisa. "Nikikaa, miguu inaniuliza tumefika? Na mimi sijui nitasema nini."

Roda alicheka mpaka akafuta macho. Ruqiya hakucheka. "Adeer, ukiwa nyuma, mbele nani anaona? Mwizi ataingia akutolee salamu." Hata hivyo alimwachia mpaka Ijumaa. Issack alirudi nyumbani magoti yakimuuma vibaya kuliko siku za safari, na huo ni uonevu mtupu, kwa sababu alikuwa amekaa.

Alhamisi alasiri Haji Jelle akapiga tena. Sauti ilikuwa imepungua uzito.

"Adey ameniharibikia," alisema.

Issack aliinuka alipokuwa ameketi. Adey, maana yake mweupe, alikuwa ngamia jike aliyezaliwa mikononi mwake usiku wa baridi, miguu ikiwa imetangulia vibaya, na Issack akamvuta kwa mikono yake mwenyewe. Ni mmoja wa wachache waliovuka ukame. Haji alieleza kwamba alikuwa amezaa vizuri, akinyonyesha, lakini fisi alimchukua ndama wake malishoni. Tangu siku hiyo amefunga maziwa. Watu wa kwetu wanajua la kufanya jambo hilo likitokea. Mabaki ya ndama huchunwa, ngozi ikawekwa mbele ya mama, akainusa akadhani mtoto yupo, maziwa yakashuka. Abdiwahid aliweka ngozi. Adey aliinusa mara moja, akageuza shingo, akampiga Abdiwahid teke la paja.

"Analia mchana kutwa," Haji alisema. "Kiwele kimejaa na hataki mtu. Anakutafuta wewe, wallahi. Njoo kabla hajakauka."

Hapo ndipo Issack alipofanya kosa lake, na nikilifikiria huwa namwonea huruma na hasira kwa pamoja. Kama angesema nakuja, basi. Kama angesema siji, basi. Lakini Issack alimtazama Fartun aliyekuwa anapepeta unga mlangoni, akafikiria njia ndefu ya Wajir, akafikiria kiti cha kijani na Ijumaa iliyokuwa kesho. Halafu akamfikiria Adey amesimama jua kali na kiwele kinamuuma. Alitaka kumsaidia mnyama bila kumkosea mke, na bado abaki na nafasi ya kuamua. Akasema:

"Haji, sijakata shauri. Lakini nitakutumia sauti. Mwekeeni simu karibu na sikio, Abdiwahid amkamue kutoka upande wa kulia. Kushoto hapendi."

Kila mchungaji ana namna yake ya kumwita ngamia wa maziwa. Haifundishwi, hutoka tu, na mnyama huijua kama mtoto anavyoijua sauti ya mama yake. Issack alienda nyuma ya nyumba, penye choo na kuni, akageukia ukuta kwa sababu aliona haya. Akabonyeza simu ianze kurekodi. Alianza na mvumo wa kooni, mdomo ukiwa nusu umefungwa, kisha akalivuta jina taratibu, "Adeey, Adeeey," akambembeleza, akamwambia yuko hapa, hajaenda popote, hakuna fisi, hakuna kiu, aachie, aachie tu mama, yote yatapita. Alisahau ukuta. Alisahau hata choo. Punda wa jirani aliitikia kwa kelele, akalazimika kuanza upya, na mara ya pili ilikuwa laini kuliko ya kwanza.

Alipogeuka, Fartun alikuwa amesimama kwenye kona na ungo mkononi. Hakujua alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Ndiyo sauti hiyo?" Fartun aliuliza.

"Sauti gani?"

"Mimi sikujua unayo." Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Issack. "Nimezaa watoto wako wawili, na mmoja wao nilikaribia kufa naye. Sauti hiyo sijaisikia hata siku moja."

Issack angesema kwamba alikuwa mbali, lakini hilo Fartun alilijua kuliko yeye. Angesema kwamba porini mtu hujifunza kusema na wanyama na husahau kusema na watu. Yote yalikuwa kweli na hayakumfaa mtu. Fartun alirudi kwenye unga wake. Issack akautuma ule ujumbe kwenda Hadado, kwa sababu ngamia alikuwa analia na yeye hakujua njia nyingine.

Ijumaa asubuhi Haji Jelle alipiga kwa furaha, upepo wa porini ukisikika nyuma yake.

"Issack, Mungu akupe maisha! Alisimama, masikio juu, akaachia yote. Abdiwahid alijaza chombo mpaka povu likamwagika. Tumemwekea tena alfajiri, na tena akaachia. Wewe ni mtu wa ajabu."

"Alhamdulillah," Issack alisema, na machozi yalikuwa karibu. Akajiweka sawa. Alikuwa amekesha akiwaza, na alikuwa tayari kusema kwamba angekuja, kwamba angezungumza na mkewe, labda aje msimu mmoja tu na arudi. "Basi, Haji, kuhusu kuja..."

"Ah, hapana, hapana," Haji alisema kwa ukarimu mkubwa. "Nimeyafikiria magoti yako. Na wewe umesema hujakata shauri, mimi siwezi kumlazimisha mtu. Abdiwahid ameiweka sauti kwenye simu yake, anamwekea asubuhi na jioni. Usijisumbue, ndugu yangu. Pumzika."

Usijisumbue. Lilikuwa neno lile lile la Mustafe, na sasa alijua kijana alilitoa wapi. Issack alisema, "Haya," kama alivyosema mara ya kwanza. Alikaa kwenye jiwe la mlangoni muda mrefu simu ikiwa mapajani. Aliachishwa kazi mara mbili na mtu mmoja, na mara hii ya pili yeye mwenyewe ndiye aliyekabidhi kitu cha kumfukuzia. Hakuwa na hata nguvu ya kukasirika. Alisikia tu uchovu unaanza miguuni unapanda.

Baada ya swala akaenda kwa Ruqiya akasema ndiyo. Ruqiya alifurahi, akampa sare ya buluu iliyombana mabegani. Fartun alipoulizwa na majirani alisema mume wake amepata kazi, akaongeza alhamdulillah, lakini nyumbani waliongea mambo ya chumvi na mkaa tu.

Wiki zikapita. Issack alijifunza kukaa, kwa kuwa mwili hujifunza hata usichokipenda. Alizunguka jengo mara moja asubuhi na mara moja mchana, Ruqiya akajitia hamnazo. Alianza kuwajua wateja. Roda alimfundisha kufunga kamba za viatu zisifunguke, naye akamfundisha Roda kusalimia kwa Kisomali. Kilichomchosha kilikuwa kule kuwaza kwamba huko Hadado, kila alfajiri na kila jioni, sauti yake ilikuwa inambembeleza Adey bila yeye kuwepo. Ilikuwa inamwambia hajaenda popote. Wakati mwingine saa ya kukamua ikifika, koo lilimwasha.

Siku moja mchana, duka limetulia na Roda amekwenda kula, simu ikalia. Haji Jelle hakusalimia vizuri.

"Ameikataa," alisema. "Siku ya nne leo. Tukiweka simu anageuka, anaangalia huku na huku, anatembea mpaka kwenye vichaka anatafuta, halafu anarudi analala chini. Jana aliikanyaga simu ya Abdiwahid. Issack, nimekosa. Nimekosa mwanzo na nimekosa mara ya pili. Nakuomba sasa kama mtu anavyoombwa. Chochote unachotaka. Njoo."

Issack alikuwa amelisubiri neno hilo la nimekosa kwa miaka. Lilikuja akiwa kwenye kiti cha plastiki, na lilipofika akashangaa jinsi lilivyokuwa dogo. Hakumfikiria Haji. Alimfikiria Adey anazunguka kwenye vichaka anamtafuta mtu ambaye sauti yake inasema niko hapa. Kwanza walimdanganya kwa ngozi ya mtoto wake, akaijua. Kisha wakamdanganya kwa sauti, na aliyemdanganya safari hiyo hakuwa Abdiwahid.

"Issack? Unanisikia?"

"Nakusikia, Haji."

"Utakuja?"

"Hapana. Mwache akauke."

Kwa mfugaji hilo ni neno zito, na Haji hakutarajia lingetoka kwa mtu huyu.

"Mwache akauke," Issack alirudia. "Msimkamue tena. Kiwele kitamuuma siku chache, kisha kitatulia. Mpeni chumvi, mwacheni na wenzake, msimwimbie, msimwekee kitu. Amefiwa. Mwakani atazaa mwingine, inshallah. Na ile sauti, Haji, ifuteni."

Akakata. Hakuwa na hasira. Alisimama akataka kuzunguka jengo, akaona hana haja, akabaki amesimama hapo hapo.

Fartun alikuwa anavuka barabara na chupa ya chai na anjera zilizofungwa kwenye kitambaa, kama alivyofanya kila siku tangu Issack aanze kazi. Alifika, akaweka vitu chini, akampangusa vumbi begani bila kumtazama, akageuka kuondoka kwa sababu makaa yalikuwa yanamngoja.

Issack alifungua mdomo. Safari hii hapakuwa na ukuta wa kugeukia. Mwenye bodaboda alikuwa anatazama, na kijana aliyekuwa anapakia mabati pia.

"Fartun," alisema, na jina likatoka pole pole, laini, likivutwa kidogo mwishoni.

Fartun alisimama katikati ya barabara. Pikipiki ikampigia honi ikampita. Kisha Fartun akageuka.

"Nini?"

"Hakuna," Issack alisema. "Nilikuwa nakuita tu."

Akakivuta kile kiti cha kijani kivulini, akakigeuza kimwelekee, na yeye akakaa chini juu ya mfuko wa saruji. Fartun alikitazama kiti, akatazama njia ya kurudi kwenye makaa yake. Alikuwa amechoka, akarudi upande wa Issack, akakaa.